Kuni za Maua na Maji ya Wajomba

Damiani, mutoto wangu wa kwanza,

Mambo ya blanketi, ya kinini ya malaria na ya kuchemsha maji, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena kesho asubuhi wakati kamyo inanguruma mulangoni. Mimi sina la kuongeza hapo. Tangu ulipofika hapa Kibabi na barua yako ya kazi nimekaa na wewe siku tatu nzima, na katika siku hizo tatu nilichoweza kuzungumuza ni viatu. Viatu! Muntu wa miaka yangu, aliyefundishwa kuandika na Mapadiri, anakaa mbele ya mutoto wake anasifu soli ya kiatu. Sasa umetoka kuaga marafiki, nyumba imenyamaza, nami nimechukua karatasi. Uisome ukiwa ndani ya kamyo. Usiisome mbele yangu, nakuomba.

Jana kwenye chakula ulisema neno. Ulisema kampuni itafunga muto kule upande wa Walikale, maji yatazungusha mashini, umeme utasaga mawe ya kasiterite, yale yenye bati, na Kongo yetu itahesabiwa kati ya nchi zenye kutumia nguvu nyingi za moto na umeme. Ulisema “Kongo yetu” na macho yakikung'aa. Mama yako akakuongezea sombe kwa furaha. Mimi nilinyamaza, ukafikiri nimekubali. Sikukubali hata kidogo. Nilikuwa natafuta namna ya kucheka bila kukuumiza, nikaikosa.

Moto unawaka hapa, sawa. Lakini iko moto wa nani? Njo swali langu, na sikulipata katika kitabu. Nililipata kwa upumbavu wangu mwenyewe, na leo nitakuelezea huo upumbavu kwa sababu hakuna mwingine hapa mulimani atakayekuelezea. Wanaujua wote. Wananionea haya.

Ulikuwa bado wa kubebwa mugongoni wakati vita ya Wazungu ilipotufikia kwa namna yake. Bunduki hatukuona. Tuliona maua. Muzungu mwenye shamba la juu, yule tuliyemuita Bwana Mapua, kwa sababu ya pua yenyewe na kwa sababu alinusa kila kitu kabla ya kukigusa, aling'oa viazi vyake vyote akapanda maua meupe ya piretre, yale yenye unga wa kuua wadudu. Alitukusanya akatueleza. Zamani unga ule walikuwa wakinunua kwa Wajapani. Sasa Wajapani njo adui, na waaskari wanaumwa na chawa na mbu huko wanakopigana, kwa hiyo piretre itoke hapa kwetu Masisi. Basi chawa wa watu ambao hatutawaona maisha yetu yote njo waliokuja kutukatia pori. Ona heshima tuliyopewa!

Ua la piretre likichumwa linataka kukaushwa palepale, ao linaoza na kuwa jeusi. Na jua la huku kwetu unalijua uvivu wake. Wakajenga nyumba ndefu ya matofali yenye matanuri chini, na matanuri yale yalikula kuni usiku na muchana, Jumapili, hata Noeli. Gunia moja la maua makavu, jepesi hata mutoto angelibeba kichwani, lilikuwa limekula rundo la kuni lenye kimo changu. Gunia likaenda. Majivu yakabaki kwetu. Ukiuliza leo nani aliyechoma pori la Kibabi watakuambia ni watu wa Kibabi, maana moshi ulitokea hapa. Kweli ulitokea hapa. Lakini muntu aliyekuwa na haja na ule moto alikuwa amelala ng'ambo ya bahari bila chawa.

Na kamyo ya kupeleka maua! Petroli yote ilikuwa ya vita, kwa hiyo kamyo yetu ilifungiwa pipa kubwa la chuma ubavuni, ikala makala, makaa ya miti. Tulichoma miti ili kukausha maua, tukachoma miti mingine ili kupata makala ya kamyo yenye kubeba hayo maua. Dereva alikuwa akisimama katikati ya mupando, anachochea pipa lake kwa chuma, uso wote masizi, anatukana mama wa kila muntu. Watu wa kuni walicheka mpaka kushika mbavu. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa mukubwa, nilikuwa kapita wa kuni.

Nikueleze kapita wa kuni ni kitu gani, maana wewe ulikuta kazi ile imekwisha kufa. Ni muntu mwenye koti la kaki, filimbi, na kijiti cha mita moja. Kila mufanyakazi alipaswa kukata steri moja kwa siku: mita moja upande huu, mita moja upande ule, mita moja kwenda juu. Mimi napita na kijiti napima. Ikikosekana kidogo, naangusha rundo lote kwa mguu ili apange upya mbele yangu. Kwa mguu, Damiani. Ningeweza kutumia mukono. Nililipenda lile koti, na filimbi niliipenda zaidi, nilikuwa naipiga hata pasipo sababu. Ukitafuta muntu wa kudharau katika barua hii usiende mbali hadi Ulaya, anza na huyu mwenye filimbi.

Mwaka wa pili wa maua, mvua ilinyesha kama imelipwa. Kamyo ilikwama chini kwenye matope, kuni za mbali hazikufika, na kwenye nyumba ya kukaushia maua mabichi yalikuwa yamejaa hadi mulangoni. Bwana Mapua alishuka akiwa na mwavuli, akanusa, akaniangalia.

“Kapita, moto ukizimika leo, wewe kesho hapana kapita.”

Akapanda tena kwake. Alichosema ni hicho tu. Hakunionyesha pahali, hakutaja muti wowote.

Sasa, pale nyuma ya kanisa la zamani, mahali unapoona leo mikaliptusi imesimama kwenye mustari, palikuwa na kundi la miti mikubwa ya asili. Katikati yake njo alizikwa baba yangu, na baba yake. Hapakuingia panga pale, hata kukata fimbo ya kuswaga mbuzi. Hata tuliobatizwa hatukugusa, na Padiri alipouliza tulimuambia ni kivuli cha ng'ombe. Bwana Mapua mwenyewe alifikiri pori lile ni la misioni, kwa sababu lilikuwa zuri mno kuwa letu. Hakujua. Na hakuuliza. Ingekuwa aliniuliza ningeweza kusema alinilazimisha, na muda wote huu ningekuwa nimelala vizuri.

Mimi njo nilipiga filimbi. Mimi njo nilitangulia.

Muzee mumoja wa watu wangu, Papa Yakobo, alikuwa rafiki ya baba yangu. Alifika chini ya muti wa kwanza akaweka shoka chini.

“Kapita, hapa iko baba yako.”

“Najua.”

“Unajua, na unapima?”

Wengine wote walikuwa wananiangalia. Ningesema nini? Ningesema, “Haya, turudi, maua yaoze, chawa wa Wazungu wanenepe.” Hilo lilikuwa jibu zuri, na limenijia leo tu, baada ya miaka yote hii. Siku ile nilimuambia achukue shoka lake atoke, na nyumba ya kambi aiache kabla ya jioni. Akatoka kwenye mvua na muke wake na sufuria zao. Wengine wakakata. Steri zilitimia. Moto haukuzimika. Bwana Mapua akaninusa hata mimi, akacheka, akanipa matabishi: kipande cha sabuni.

Kapita alikuwa na ruhusa ya kubeba nyumbani mabaki ya kuni. Nilibeba. Usiniulize kichwa changu kilikuwa wapi, nilibeba kama siku zote. Mama yangu, koko yako, alikuwa ameketi jikoni na wewe magotini. Niliweka muzigo chini. Akautazama ule muti, akautambua kwa ganda lake, akakuweka chini polepole, akasimama.

“Mimi siwezi kuota moto wa bwana yangu,” akasema.

Akachukua mukeka wake akaupeleka upande wa mbuzi. Nilifikiri ni hasira ya siku mbili. Damiani, hakurudi kamwe kwenye mafiga yale. Chakula alikubali kile tu ambacho mama yako alipika nje juu ya mabua ya mahindi aliyookota yeye mwenyewe. Usiku alilala kati ya mbuzi, kwa joto lao. Unaijua baridi ya Kibabi wakati wa mvua. Alikohoa misimu miwili, na mara tatu nilipiga magoti nikimuomba, nikamuletea kuni za mbali, kuni safi za kule bondeni. “Ziko za tanuri,” anasema, “peleka kwa maua.” Akafa akiwa na harufu ya mbuzi, mama yangu, kapita akiwa na moto mukubwa ndani ya nyumba. Sisemi nilimuua. Nasema alisikia baridi na mimi nilikuwa naota moto. Hilo sina namna ya kulitengeneza.

Vita ikaisha. Huko kwao wakapata unga mwingine wa kuua wadudu, unaotoka katika usini, kiwanda chao, hautaki maua wala kuni za Masisi. Msimu mumoja tu, maua yakakosa munusaji. Bwana Mapua akauza mabati ya nyumba ya kukaushia, akanunua ng'ombe, kisha akauza hata ng'ombe akaenda zake. Hakuja kuaga. Koti la kaki nililirudisha, filimbi nikabaki nayo, na watoto wakaivunja, afazali.

Halafu njo ikaja sehemu ambayo inanichekesha mpaka leo. Mulima ulipokuwa mutupu, wanawake wakaanza kutembea nusu siku kutafuta kuni. Zamani jirani alikuja na kigae kuomba kaa la moto, ukampa bila kufikiri. Sasa watu wakaanza kufunga mulango wakiona kigae. Na katika hali hiyo akaja agronomo wa Serikali, bwana wa kilimo, kijana mwenye soksi ndefu, akatusimamisha mbele ya kanisa akatugombeza. Wanawake wetu wanaharibu pori! Wanatumia kuni bila akili! Ati tupike na kuni kidogo, ati tupande mikaliptusi. Mama yako alikuwa na kifungu kidogo cha matawi kichwani, akasimama kumusikiliza kwa adabu yote. Nilitazama matofali ya tanuri la maua nyuma ya yule kijana, bado yana masizi, na yeye amelipa mugongo. Wanakula nyama kwako, wanaondoka, halafu wanarudi kukufundisha usafi kwa sababu mifupa iko mulangoni. Nami nikapanda mikaliptusi, ndiyo, ile unayoiona juu ya baba yangu.

Basi jana uliposema umeme, nilikumbuka safari yangu ya kwenda kwa wakwe zangu huko Ntoto, katika Walikale, miaka miwili imepita. Kwenye mugodi mumoja wa njiani walikuwa tayari na mashini ndogo ya maji. Waya zilitoka kwenye muto, zikapita juu ya kijiji, juu kabisa ya majani ya nyumba, zikaenda kwenye usini na kwenye nyumba tano za Wazungu. Chini ya waya zile nilikula usiku katika giza. Mwanamuke aliyenipokea alikuwa na taa ndogo aliyoitengeneza kwa mukebe wa samaki, utambi ndani, mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Nikauliza, ule mukebe ni wa kitu gani. Unajua wewe uliyesoma: ni chuma kilichopakwa ile kasiterite yao. Jiwe linatoka Walikale, linasagwa kwa maji ya Walikale, linaenda Ulaya, linarudi likiwa na samaki mudogo ndani na bei kubwa juu yake. Ukishamula samaki, njo wewe nawe unapata mwanga. Na katika vitabu vyao wataandika kwamba Walikale inatumia umeme mwingi. Wacha waandike!

Sikukatazi kupenda umeme. Mimi mwenyewe ningependa kuona mama yako anapika bila kutoka machozi. Nasema tu uulize kila nguvu inayowashwa inakwenda kufanya kazi kwa nani, na uulize mapema, kabla hujapewa filimbi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimelizungukia kutosha.

Unafikiri kampuni ilikuchagua kwa sababu ya michoro yako mizuri na cheti cha Mapadiri. Rafiki zako wawili walikupita kwa alama, na hawakupata barua. Hukujiuliza? Mimi sikuwa na haja ya kujiuliza. Yule muzungu wa kuandika wafanyakazi alipopita hapa Kibabi kutazama karatasi za ubatizo wako, nilimukaribisha na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ile nzuri. Aliuliza umri wako, akauliza kama una ugonjwa wa kifua. Alikuwa anafunga kitabu chake, anataka kuondoka. Na mimi, Damiani, nikaona anaondoka mapema mno, hajajua bado ameketi kwa nani. Nikasema:

“Bwana, mutoto huyu si wa hivihivi. Mama yake iko wa Ntoto. Wajomba wake njo wenye yale maporomoko yote ya muto. Na kwao mupwa hanyimwi kitu, akiomba ni kama amekwisha kupewa.”

Na ni kweli, unajua. Ulipokuwa na miaka sita uliingia nyumbani kwa mujomba wako Anselmi, ukakamata jogoo wake wa mbegu, ukatoka naye bila kusema neno, na muzee mwenye jogoo akapiga makofi kwa furaha. Mupwa njo mupwa. Yule muzungu akafungua kitabu chake tena. Akaandika polepole, akaniuliza jina la Anselmi, nikalitaja. Nikamutajia na herufi. Wiki tatu baadaye barua ikakufikia: msaidizi wa wapima, upande wa Ntoto.

Hawakukuandika kuchora. Watakutanguliza. Utaingia kwa wajomba zako mbele ya wapima, na utaomba, kwa mudomo wa mupwa, yale maji wanapotegea samaki, na ule ukingo ambapo Anselmi anapeleka vijana kwa desturi yao ambayo mimi na ubatizo wangu sijawahi kuuliza. Nao hawatajua namna ya kukunyima. Halafu muto utafungwa, na utasaga mawe hadi siku huko ng'ambo watakapopata kitu kingine cha kupaka mikebe yao. Mara hii tena hakuna aliyeniuliza. Mara hii tena ni mimi. Nilifanya kwa baba yangu kwa ajili ya koti, nikafanya kwa wajomba zako kwa ajili ya kusifiwa kwenye kalabasi la kasiksi, na nimekuweka wewe katikati, wewe ambaye nakupenda kuliko macho yangu. Ninajidharau mpaka mate yananikauka.

Kukukataza siwezi. Umetia sahihi kontra ya kazi, na ukivunja kontra wanajua pa kukutia ndani. Tena nikikukataza nitakuwa nimekwisha kuamua mimi kwa mara ya tatu, na mimi si muntu wa kuamua. Lakini ujue kitu nilichofanya jana, ili kisikushtue ukifika.

Nilituma muntu kwa miguu kwenda Ntoto. Atakutangulia, kamyo yenu italala njiani mara mbili. Amebeba maneno yangu kwa Anselmi: “Mutoto wangu anakuja. Siku atakayofika peke yake, ni mupwa wenu, mupokeeni na vyote vya mupwa. Siku atakayofika mbele ya wapima, si mupwa. Mumupe kiti cha mugeni, mumupe chakula, na akiomba musimujibu.”

Nilipomaliza kumufundisha yule muntu maneno, mama yako, aliyekuwa karibu akichambua maharagi ya safari yako, aliniambia hawataamini. Ati wataona ni hila ya kapita, jina langu limefika hadi kule. Akamuita yule muntu arudi, akamuambia: “Usiseme ni bwana yangu aliyetuma. Sema ni mimi, dada yao, niliyemuzaa, njo nimesema wamunyime.” Kisha akaomba ayarudie maneno mbele yake mara mbili, na akaendelea kuchambua maharagi.

Baba yako